Moto wa Radi kwenye Pombe ya Wakwe

Jumapili, 8 Oktoba 1989

Komujuni ameondoka. Misa ya kwanza imekwisha, chai hajanywa, amedandia lori la kahawa mpaka kwao Bweranyange. Mke wangu wa ndoa! Kisa? Sufuria.

Tena sikuiuza. Nimeitoboa tu. Vitundu vinne, kila kimoja cha kupitisha kidole, kwa ajili ya mtambo wangu wa kukamua mafuta ya taa kutoka kwenye majani ya mkaratusi. Dukani mafuta ya taa hayaonekani tangu mwezi wa nane. Mtu mwenye akili afanye nini? Akae gizani? Sufuria yenyewe alipewa na shangazi yake Eugenia siku ya harusi, kubwa, ya kupikia watu hamsini. Nikamwambia hatujawahi kulisha watu hamsini. Ilikuwa hoja nzuri. Sielewi kwa nini ndiyo iliyomfanya afunge mzigo, na sufuria juu yake.

Mtambo haukutoa mafuta. Ulitoa harufu. Mafua yangu yamepona kabisa, lakini hilo hakutaka kulisikia.

Jioni nimepita kwa jirani yangu, Fidele Sibomana. Sikufuata chakula. Walikuwa wanakula, mkewe Immaculata akasema karibu, ningekataa ningeonekana nina kiburi. Nimekula ndizi na maharage, sahani mbili, kwa heshima. Fidele alifika hapa Kanoni akiwa kijana, kibarua wa kuchuma kahawa, ametoka Burundi na shati moja. Leo ana kibanja cha migomba kisicho na jani kavu, ana redio inayoendeshwa na betri ya gari, na watu wanasema rubisi yake, yaani pombe yake ya ndizi, haina mpinzani katika kata nzima. Komujuni naye husema hivyohivyo. Mimi simchukii Fidele. Nashangaa tu.

Basi redio. Mtaalamu mmoja alikuwa anahojiwa. Akasema huko ng'ambo wanajaribu kuchukua hewa chafu, hizi zinazoipandisha dunia joto, wanazipiga kwa moto wa umeme uitwao plazma, zinageuka gesi ya kuwaka. Mafuta kutoka kwenye hewa! Nikaacha kutafuna. Fidele akanyoosha mkono akabadilisha stesheni, anatafuta muziki. Na huyu ndiye mtu anayesifiwa!

Jumatatu, 9 Oktoba

Mchunga ng'ombe wa baba mkwe amepita asubuhi akielekea mnadani. Ameleta salamu. Salamu za Mzee Tumwine huwa fupi. Amesema Jumamosi hii nifike kwake na pombe, kibuyu kikubwa, kimejaa mpaka shingoni, nikae mbele ya ukoo nieleze habari ya sufuria. Jumamosi ikipita bila mimi, Jumapili atafungua ng'ombe wa mahari na kuwaswaga yeye mwenyewe mpaka mlangoni kwangu.

Nimemwomba yule mchunga ng'ombe arudie. Amerudia, hakupunguza neno. Ng'ombe wa mahari wakirudi, kwetu huku hakuna tena cha kuzungumza. Ndoa imekwisha. Nitabaki na nyumba na harufu ya mkaratusi.

Nimekaa kizingitini muda mrefu. Nyumba ina ukimya mbaya. Komujuni akifagia huimba, tena huimba vibaya, kila akipanda juu sauti inampotea. Leo nimeitamani hiyo sauti inayopotea.

Lakini mimi si mtu wa kukaa kizingitini. Jua lilipopanda, wazo likaja lenyewe. Pombe! Kila anayetengeneza rubisi anajua: ukiinamisha kibatari juu ya mtumbwi, lile gogo lililochongwa la kuchachishia pombe, kinazimika. Pfu! Kwa nini? Kuna hewa inatoka pale. Hewa chafu. Hewa ileile ya kwenye redio! Wakwe wanataka pombe, plazma inataka hewa, na pombe moja inatoa vyote viwili. Jumamosi sitaingia Bweranyange na kibuyu peke yake kama mkwe wa kawaida mwenye makosa. Nitaingia na kibuyu mkono mmoja na taa inayowaka kwa gesi ya pombe hiyohiyo mkono wa pili. Mzee Tumwine atasimama. Shangazi Eugenia atasahau sufuria. Komujuni atasema, kumbe!

Ndizi ninazo tayari, nilizifukia shimoni wiki iliyopita, zinaiva vizuri. Nimelala usingizi mtamu.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimekwenda kwa Mwalimu Adelgunda kupata uhakika wa kitaalamu. Anafundisha sayansi shule ya msingi. Mimi mwenyewe alinifundisha darasa la tano, na hajasahau. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu, akaitikia marahaba huku anatazama mikono yangu kama nimebeba kitu.

Amenieleza. Umeme ukipita kwenye hewa kwa nguvu kubwa, hewa yenyewe inavunjika vipandevipande na kung'aa. Hiyo ndiyo plazma. Radi ni plazma, akasema, hata ule mwanga wa fundi wa kuchomelea vyuma. Hewa ya pombe ni hewa ukaa, hiyo haiwaki hata uipigie magoti. Lakini ukiichanganya na hewa ya mavi ya ng'ombe, iitwayo methani, ukazipiga zote mbili pamoja kwa plazma, vipande vyake vinaungana upya vikawa gesi ya kuwaka. Hizo hewa mbili, akasema, ndizo zinazoifunika dunia kama blanketi. Nikamwambia blanketi hilo mimi nitalivua.

Hakucheka. Akasema umeme utakaoutumia utakuwa mwingi kuliko moto utakaoupata. Kisha akaniuliza Komujuni anaendeleaje. Wivu mtupu. Alivyozoea kuona wanafunzi wake wakiishia kulima!

Mavi ya ng'ombe! Sina ng'ombe. Lakini nyuma ya nyumba kuna chungu ya samadi mbichi. Komujuni alikuwa anaisomba kwa kichwa kutoka kwa watu, aitie kwenye mashina ya migomba kabla ya mvua. Ameiacha pale, imekaa bure.

Koili ya kuongeza nguvu ya umeme na plagi ya kutoa cheche nimezitoa kwenye pikipiki ya marehemu kaka yangu, iliyobaki mifupa. Tyubu ya lori ya kuhifadhia gesi ninayo, nina pipa, nina mabomba ya mpira. Kilichopungua ni viwili tu, mtumbwi wa kukanyagia ndizi na betri. Na vyote viwili ni vya nani? Vya Fidele.

Fidele amekubali kuniazima. Ana masharti. Kwanza, akanyage yeye ndizi, maana mimi, anasema, nakanyaga kama mtu anayekimbia siafu. Pili, apewe kibuyu cha kwanza, kama desturi ya mkanyagaji. Tatu, nitamke mbele ya watu kwenye foleni ya chama cha kahawa kwamba rubisi yake ni bora kuliko yangu.

La tatu nimelitamka. Nimelitamka kwa sauti ndogo. Fidele akasema waliosimama nyuma hawakusikia. Nikarudia. Watu wakapiga makofi! Makofi ya nini?

Jumatano, 11 Oktoba

Siku kubwa. Fidele amekuja na mtumbwi begani, amekunja suruali, ameosha miguu mpaka magotini, ameanza kukanyaga ndizi na majani makavu. Lazima niseme kweli, anakanyaga vizuri. Polepole, kisigino kwanza, juisi inatoka safi, haina povu. Wakati wote anazungumza. Amenieleza jinsi Immaculata asivyowahi kurudi kwao hata siku moja. Sikumwuliza.

Tumechanganya na maji, tukamwaga mtama uliokaangwa. Fidele akafunika kwa majani ya migomba na blanketi, kama inavyofunikwa siku zote. Alipoondoka nikafunua. Majani ya migomba yanapitisha hewa! Nikafunika upya kwa nailoni, nikaziba ukingo wote kwa udongo wa mfinyanzi, nikachomeka bomba, bomba likaenda kwenye tyubu ya lori. Pipa la samadi nimeliweka upande wa pili, juani, nimelijaza samadi na maji ya moto, nalo bomba lake likaenda kwenye tyubu hiyohiyo. Katikati hewa mbili zitakutana. Kwenye mdomo wa tyubu nimefunga debe lenye plagi. Kila kitu kimekaa sawasawa. Nimekizunguka mara kadhaa kwa kukisifu tu.

Mtu akitazama kwa mbali anaweza kudhani nimewafunga pingu za maisha pombe na mavi. Ndivyo sayansi ilivyo, haichagui.

Alhamisi, 12 Oktoba

Tyubu imejaa! Imevimba, inang'aa, ukiigonga inasema dung. Hewa ya pombe inakuja kwa kasi ya ajabu. Nimeikumbatia. Ndiyo, nimeikumbatia, hakuna aliyekuwepo.

Pipa ndilo linalonivunja moyo. Limelala. Nikiweka sikio nasikia vipovu vichache tu, vya kinyonge. Methani inatakiwa! Nimefikiri, nikapata dawa. Nimeweka jiwe la kusagia juu ya samadi ndani ya pipa, likandamize, hewa itoke kwa nguvu. Jiwe likawa jepesi, nikaongeza jingine. Yamezama taratibu, yanaonekana yanafanya kazi.

Mwalimu Adelgunda amepita njiani. Akasimama, akatazama, akaniuliza kama pombe ile ndiyo ya wakwe. Nikasema ndiyo mwalimu. Akaniuliza kama kuna kitu chochote kinachozuia kilichomo kwenye pipa kisielekee upande wa pili. Nikamwambia kilichomo ni hewa. Akasema haya. Akaenda zake.

Nimetengeneza na taa yenyewe, ya kopo la maziwa ya unga, ina mdomo wa bati na kijishikizo. Kwenye ubavu nimechora ua. Komujuni anapenda maua.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nieleze kwa utaratibu.

Asubuhi Fidele ameleta betri na amekaa juu ya kigoda aone. Nimeunganisha waya. Nikagusisha. Ndani ya debe, kwenye ncha ya plagi, likatoka jicho la buluu, dogo, linalia trrr. Plazma! Hapa Kanoni! Nimeiona kwa macho yangu kupitia kitundu. Machozi yamenitoka, sioni haya kuyaandika. Hata Fidele aliinuka kwenye kigoda akasogea nyuma yangu.

Kisha debe likasema PU.

Si mlipuko. Ni pu. Kifuniko kimeruka juu ya paa, kuku wote wa Immaculata wamehama. Mimi nikaanguka chali juu ya tyubu ya lori, na Fidele akaniangukia mimi. Ndugu zangu, tyubu ikiwa imejaa, watu wawili wazima wakaiangukia, ile hewa iende wapi? Ikakimbia kote kote. Ikaingia kwenye pipa, ikalivuruga. Pipa likakasirika. Mawe yangu mawili yakakandamiza, na uji wa samadi ukapanda bombani, ukapita kwenye tyubu, ukashuka upande wa pili. Niliusikia ukipita chini ya mgongo wangu. Glug, glug. Ulikuwa unaelekea kwenye pombe ya baba mkwe.

Fidele hakuona. Alikuwa anatafuta kiatu chake.

Nimemfukuza kwa adabu, nikafunua nailoni. Maawe! Nisiandike nilichokiona. Rubisi nzuri, ya rangi ya asali, iliyokanyagwa na kisigino bora cha kata nzima, na katikati yake kisiwa.

Nimechota kisiwa chote. Nimeichuja kwa kitambaa, nikaichuja kwa shati, nikaichuja kwa majani. Nimeongeza asali. Nimeongeza mtama. Nimenusa. Kwa mtu mwenye mafua haina tatizo.

Pombe nyingine? Kutoka wapi? Ndizi zimekwisha, siku zimekwisha. Kwa Fidele ipo, lakini niende Bweranyange na rubisi ya Fidele, baada ya yale makofi? Thubutu!

Jioni Fidele amefuata kibuyu chake cha kwanza. Nikamwambia kwetu wakwe ndio hutangulia. Akasema huo ni uongo, hajawahi kusikia mkanyagaji ananyimwa, na kwamba mtu wa namna hiyo haazimwi tena hata sindano. Alikuwa ameumia kweli. Nikampa. Amekunywa kibuyu kizima kwa mrija, pole kwa pole, macho amefumba. Nikangoja. Akasema ina uzito. Akaniuliza nimetumia mtama gani.

Mtama gani! Basi nimepona. Kama imempita Fidele, itampita yeyote.

Jumamosi, 14 Oktoba, alfajiri, njiani

Nimefunga kibuyu kwenye baiskeli, kimejaa mpaka shingoni kama alivyotaka Mzee. Nimevaa koti la harusi. Taa nayo nimeichukua, ingawa haiwaki, kwa ajili ya ua.

Nilipopita kwa Fidele nikamkuta Immaculata amesimama uani na ndoo ya maji. Akasema Fidele ana hali mbaya, tangu jogoo la kwanza hajatoka chooni, na kila akitoka anarudi. Kutoka ndani ya choo Fidele akaniita kwa jina. Nimepiga pedali.

Jumapili, 15 Oktoba

Naandika nikiwa nyumbani, nimelala ubavu, sina nguvu hata za kushika kalamu vizuri. Yaliyotokea jana ni haya.

Njia nzima nilikuwa na nia moja. Nikifika nijikwae, kibuyu kipasuke, nilie, wanihurumie. Mpango mzuri. Lakini vijana wa Mzee Tumwine wamenipokea mbali, kule majanini ng'ombe wanapolishwa, wakanipokonya baiskeli kwa heshima, wakasukuma wao mpaka uani. Hawakuniachia hata nafasi ya kujikwaa.

Ukoo mzima ulikuwa umekaa. Mzee Tumwine kwenye kiti chake, fimbo magotini. Shangazi Eugenia pembeni yake, na mbele ya miguu yake, Yesu na Maria, sufuria. Komujuni alikuwa nyuma na wanawake. Nilipomwona nikasahau salamu niliyoiandaa. Amesuka nywele upya. Nikapiga goti, nikamwambia baba mkwe shikamoo, akaitikia kwa mbali.

Shangazi akasema kesi itasikilizwa baada ya pombe kuonjwa. Na mleta pombe, akasema, aonje kwanza.

Desturi hii naijua tangu utotoni. Mleta pombe huonja ili wenyeji waone hakuna alichotia ndani. Mimi nilikuwa nimehesabu mahitaji yote ya plazma, hii ikanipita. Wakanijazia kibuyu kidogo. Nikavuta kidogo tu kwa mrija, nikatabasamu. Shangazi Eugenia akasema mkwe anayeonja kwa ncha ya ulimi ana jambo. Nikanywa chote. Nikatabasamu tena. Akasema sasa uso wake mbona umebadilika rangi, ajazieni cha pili. Nikanywa cha pili. Watu wananitazama, mimi nameza, nafikiria Fidele kwenye choo, kila funda nalisikia likishuka na kukaa.

Nikamaliza. Nikasema ni nzuri. Shangazi akaridhika. Wakamjazia Mzee Tumwine.

Akashika mrija. Akaupeleka mdomoni. Mzee wa miaka sabini, amekonda, meno machache, ananitazama juu ya mrija bila ubaya wowote. Nilijua nikinyamaza nitarudi na mke wangu leo hii. Nilijua pia tumbo la Fidele ni la mtu mwenye nguvu, na limemshinda. Nikamtazama Komujuni. Alikuwa hanitazami mimi, anatazama mrija.

Nikapiga kelele, baba usinywe!

Nimesema yote. Nimesema plazma, nimesema hewa ukaa, methani, tyubu, pu, mawe, kisiwa. Nimemwonyesha taa yenye ua. Nikamaliza kwa kusema samahani baba, samahani shangazi, samahani na kwa samadi pia. Ng'ombe mmoja alilia kwa mbali.

Kisha Komujuni akasimama. Amekulia ndani ya zizi, huyu. Akamwambia baba yake kwamba harufu ile aliipata tangu baiskeli ilipoingia uani, na tena samadi yenyewe ni ya kwake, aliisomba kwa kichwa. Akasema alikuwa ananingoja tu. Ningemwacha baba yake anywe, asingerudi Kanoni hata ng'ombe wakaliwe na simba. Lakini mimi nimekunywa vibuyu viwili nikijua kilichomo, kwa ajili yake, na baba yake nimemzuia. Akasema huyu mume ni mjinga, lakini ni wangu.

Nilitaka kusema neno zuri pale. Nilikuwa nalo. Tumbo likanitangulia. Nikakimbia nyuma ya uzio wa zizi na koti la harusi.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kesi imesikilizwa mimi nikiwa nyuma ya uzio. Nilisikia wanacheka, mwanzo kwa kujizuia, halafu wakaacha kujizuia. Mzee Tumwine akaja mpaka kwenye uzio, akageuka upande kwa heshima, akanitaka niape pale nilipo. Nikaapa. Sitagusa betri. Sitagusa koili wala plagi, wala pipa, wala bomba, wala tyubu. Sitatoboa chombo chochote cha mke wangu. Shangazi Eugenia akapaza sauti kutoka uani kwamba nirudie hilo la mwisho. Nikarudia.

Leo tumerudi. Komujuni amesukuma baiskeli, mimi nimekaa juu kama mzigo wa kahawa. Kila penye kichaka amesimama bila kuulizwa. Nyumbani amefagia, ameimba, sauti imempotea palepale inapopotea. Nimelala nikisikiliza. Sitaki kitu kingine duniani.

Jumatatu, 16 Oktoba

Fidele amekuja kuchukua mtumbwi wake. Amepungua. Amesema hajui alikula nini, anashuku samaki. Nikampa pole. Nikaona dhamiri inanisumbua, nikamwambia mbele ya Immaculata, kwa sauti kubwa, kwamba rubisi yake ni bora kuliko yangu. Akasema hapana, tuwe wakweli, yangu ilikuwa na uzito. Komujuni akaingia ndani haraka. Nilimsikia akicheka kwenye kanga.

Nimekunywa uji. Nimemsaidia Komujuni kurudisha samadi kwenye mashina ya migomba, iliyobaki. Nimekuwa mtu mpya kabisa. Mafuta ya taa bado hayajaja dukani, usiku tumekaa gizani tumezungumza, haikuwa mbaya.

Ila amejikwaa kwenye kigoda, akaumia kidole. Hilo limeniuma. Mwanamke amerudi nyumbani kwake anajikwaa kwa kukosa taa!

Jumanne, 17 Oktoba

Kiapo ni kiapo. Nimekipitia chote kichwani, neno kwa neno, na nitakiheshimu mpaka kufa. Betri, koili, plagi, pipa, bomba, tyubu. Ndivyo Mzee alivyotaja, na Mzee si mtu wa kusahau kitu. Kama angetaka kutaja nondo angetaja nondo. Waya haukutajwa kabisa.

Mwalimu Adelgunda alisema umeme utakaotumika ni mwingi kuliko moto utakaopatikana. Sasa nimemwelewa, na nimemshinda. Umeme nisiolipia hauna hasara! Radi ni plazma, alisema mwenyewe. Na Karagwe nzima ina upungufu wa kila kitu isipokuwa radi. Mwezi huu zinapiga kila jioni, zinapotea bure milimani.

Komujuni alikwenda shamba mapema. Nimepanda juu ya paa, nimesimamisha nondo ndefu, nimeifunga imara juu kabisa ya chumba chetu cha kulala, maana ndipo mbao zilipo nzima. Waya unashuka kupitia dirishani mpaka chini ya kitanda, kwenye mtungi wenye kinyesi cha mbuzi. Kinyesi cha mbuzi! Hakijatajwa. Na mtungi ni wa mama yangu, si chombo cha mke wangu. Sijavunja kiapo hata kwa ukucha.

Jioni sasa. Mawingu yamepanda kutoka upande wa Isingiro, meusi, mazito, yanakuja moja kwa moja kwetu. Radi zimeshaanza kumetameta. Sijawahi kuwa na bahati hivi! Komujuni ameingia uani na jembe. Amesimama. Ametazama juu ya paa kwa muda mrefu. Nimemwita kwa furaha, nikamwambia ni zawadi yake, kwa ajili ya kile kidole. Ameingia chumbani, ametazama na chini ya kitanda. Namsikia anafungua sanduku lake la nguo. Bila shaka anatafuta sweta, maana upepo umeanza kuwa wa baridi.

Mwanamke anayeona mbele, huyu. Amechukua sweta zote.